Maswali ya Wasomaji: Mfumo ni wa Jamii, Lakini Ufunguo Anao Nani?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu mifumo endeshi huria inayotunzwa na jamii ya watumiaji na watengenezaji wake, na kama ofisi inaweza kuiegemea kwa miaka mingi bila kujuta. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu zilizobaki zimejengwa juu yake.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni fundi wa TEHAMA katika chama cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Tuna seva tatu zinazotumia CentOS 7, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na mojawapo ndiyo yenye mfumo wa mikopo ya wanachama. Kwa muda mrefu sasa nikiandika yum update, amri ya kusasisha vifurushi, najibiwa kwamba mirrorlist.centos.org haipatikani, ingawa intaneti ipo na tovuti nyingine zinafunguka. Nimeambiwa CentOS imekufa. Ilikuwaje mfumo uliosifiwa kwa uimara ukafa, na sisi tuhamie wapi kati ya Rocky, AlmaLinux na Debian? Bodi yetu haina fedha za kulipia usajili. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hilo kosa unaloliona, maana wengi wamekesha nalo wakidhani ni la mtandao wao. Seva yako haina ugonjwa. CentOS 7 ilifikia ukomo wake tarehe 30 Juni 2024, na baada ya hapo ile anwani iliyokuwa ikiielekeza seva yako kwenye hazina ya vifurushi iliyo karibu ikazimwa. Vifurushi vyenyewe havikutupwa. Vimehifadhiwa kwenye vault.centos.org. Ukifungua mafaili yaliyomo ndani ya /etc/yum.repos.d, ukaweka alama ya # mbele ya kila mstari unaoanza na mirrorlist, kisha ukaiondoa alama hiyo kwenye mistari ya baseurl na kuielekeza vault, yum itaanza kukujibu. Ila usifurahi sana, kwa sababu utakachopata ni vifurushi kama vilivyokuwa siku ile ya mwisho, na tundu lolote la usalama lililogunduliwa baadaye halina kiraka kwako. Fanya hivyo ili uweze kuhama, si ili uendelee kukaa.

Sasa, ilikuwaje? Kampuni ya Red Hat ya Marekani iliachana na toleo lake la bure, ambalo la mwisho lilikuwa Red Hat Linux 9 la mwaka 2003, ikajikita katika Red Hat Enterprise Linux, yaani RHEL, inayouzwa kwa usajili. Kwa kuwa programu zilizomo ndani yake ni huria na msimbo wake wa chanzo ulikuwa ukiwekwa hadharani, watu wa kujitolea waliuchukua msimbo huo, wakaondoa jina na nembo za Red Hat, wakauunda upya na kuugawa bure. Hiyo ndiyo CentOS, iliyozaliwa mwaka 2004. Ilikuwa pacha wa RHEL hata kwa makosa, kwa maana kwamba kama RHEL ilikuwa na kasoro, CentOS nayo ilikuwa na kasoro hiyo hiyo, na watu waliipenda kwa sababu hiyo hasa: programu iliyothibitishwa kufanya kazi huku ilifanya kazi na kule.

Jambo ambalo wengi wetu hatukulitazama ni nani aliyeshika ufunguo wa nyumba hii. Mwaka 2009 watengenezaji wa CentOS walilazimika kuandika barua ya wazi kwa mwenzao mmoja, kwa sababu jina la tovuti na fedha za michango vilikuwa mikononi mwake na yeye hakuwa akipatikana. Jambo lile lilimalizwa baada ya siku chache, na sisi tuliokuwa tukitumia mfumo tukaendelea na kazi zetu kana kwamba halikutokea. Januari 2014 Red Hat ikatangaza kuungana na mradi huo. Baadhi ya watengenezaji wakaajiriwa, watu wa kampuni wakaingia katika bodi, na alama ya biashara ikawa mali ya Red Hat. Mwaka 2019 IBM ikakamilisha kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34. CentOS 8 ikatoka Septemba mwaka huo huo, na kila mmoja akahesabu kwamba itatunzwa hadi 2029, kama RHEL 8 inayoifuata.

Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliohesabu. Mwanzoni mwa 2020 nilisimika CentOS 8 kwenye seva za taasisi moja, nikamwandikia mkuu wangu kwamba hatutagusa chochote kwa miaka tisa. Tarehe 8 Desemba 2020 likatoka tangazo kwamba CentOS 8 ingeisha tarehe 31 Desemba 2021, na kwamba nguvu zote zingehamia CentOS Stream, tawi linaloitangulia RHEL badala ya kuifuata. Barua ile ninayo hadi leo, na huisoma kila ninapoanza kujiona mjuzi. Hata wajuzi wa kweli walinaswa: maabara ya Fermilab ya Marekani na CERN ya Uswisi zilikuwa zimetengeneza mfumo wao wa aina ile ile, Scientific Linux, na mwaka 2019 Fermilab ikaamua kutotengeneza toleo la 8 kwa hoja kwamba CentOS 8 ingetosha. Desemba 2022 maabara hizo zilitangaza kwamba mfumo wa kawaida wa majaribio yao utakuwa AlmaLinux.

Kwa hiyo unapolinganisha hizo tatu ulizozitaja, usianze na kasi wala sura. Uliza nani anaweza kuamka asubuhi moja na kuifunga, na anazuiwa na nini.

Rocky Linux ilianzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa wa CentOS, saa chache tu baada ya tangazo lile la Desemba 2020, na imepewa jina la marehemu Rocky McGaugh aliyeshirikiana naye wakati ule. Toleo lake la kwanza rasmi, 8.4, lilitoka Juni 2021. Inashikiliwa na Rocky Enterprise Software Foundation, ambayo licha ya neno hilo la mwisho imesajiliwa Delaware kama kampuni ya manufaa ya umma, na mdhamini wake mkubwa ni CIQ, kampuni ya Kurtzer mwenyewe. AlmaLinux ilianzishwa na kampuni ya CloudLinux, iliyoahidi kuichangia dola milioni moja kwa mwaka, ikatoka Machi 2021, kisha ikakabidhiwa kwa taasisi isiyo ya faida ambayo wanachama wake huichagua bodi kwa kura. Debian ni ya zamani kuliko zote: ilianzishwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993, haina kampuni inayoimiliki, ina katiba iliyopitishwa mwaka 1998, kiongozi wake huchaguliwa kila mwaka na watengenezaji wenyewe, na fedha zake pamoja na alama yake ya biashara hutunzwa na mashirika yasiyo ya faida. Kampuni inayotaka kuinunua Debian haina mlango wa kubisha.

Kuna tofauti nyingine inayowagusa hao wawili wa kwanza. Juni 2023 Red Hat iliacha kuweka hadharani msimbo kamili wa RHEL, ikabakiza ule wa CentOS Stream tu kwa umma. Wateja wake bado wanaupata, lakini chini ya masharti ya mkataba. Rocky ikasema itaendelea kuwa pacha kamili, na kwamba itaupata msimbo kupitia njia nyingine zilizo halali. AlmaLinux ikaamua mwezi uliofuata kuacha kufukuzia upacha wa kila kasoro, na badala yake ikaahidi kwamba programu iliyoundwa kwa ajili ya RHEL itafanya kazi kwake bila kubadilishwa. Wakati ule niliuona uamuzi huo kama kushindwa. Sasa nauona kama kujikomboa, kwa kuwa umewapa nafasi ya kuziba matundu bila kumsubiri mwingine, na nitakuonyesha mfano katika barua ya mtu wa Nakuru.

Ushauri wangu kwako ni huu. Kama aliyewauzia mfumo wa mikopo ameandika katika mkataba kwamba anahudumia jamaa ya RHEL pekee, chukua AlmaLinux 9 au Rocky 9, ambazo zinapaswa kutunzwa hadi mwaka 2032. Mimi ningechukua AlmaLinux kwa sababu ya kura za bodi yake, ila sitamlaumu aliyechagua Rocky. Kama programu ni yenu wenyewe na haijali, Debian ingekuwa chaguo langu la kwanza, mradi mkubali kwamba kila toleo hutunzwa kwa miaka mitatu na kuongezewa miwili, si miaka kumi, na hivyo mtahama mara mbili pale ambapo jirani yenu wa AlmaLinux atahama mara moja.

Kuhusu namna ya kuhama, jamii ya AlmaLinux inatoa zana iitwayo ELevate inayoweza kuipandisha seva ya CentOS 7 hadi 8, kisha 8 hadi 9, ikiwa pale pale ilipo. Kwa seva yenye akiba za watu nisingeitumia. CentOS 7 ilikuja na lugha ya PHP 5.4 na kanzidata ya MariaDB 5.5, ilhali jamaa ya 9 inaanzia PHP 8.0, na mfumo wa mikopo ulioandikwa zamani huenda umejaa maneno ambayo PHP mpya haiyatambui. Andika hivi kwenye seva yako kabla ya kitu kingine chochote:

grep -r mysql_connect /var/www/html

Ikirudi na orodha ya mafaili, basi mwenye programu ana kazi ya kufanya kabla yako, kwa kuwa amri hiyo iliondolewa tangu PHP 7. Msimbo ukishakuwa tayari, simika seva mpya pembeni, toa nakala ya kanzidata kwa mysqldump na uirejeshe huko, kisha muombe mhasibu atoe ripoti ya mwisho wa mwezi kutoka seva zote mbili na kuzilinganisha hadi senti ya mwisho. Zikilingana, hamia siku ya mapumziko. Seva ya zamani uichomoe kwenye mtandao, lakini usiifute kabla ya kufunga hesabu za mwezi mwingine mmoja.

SWALI: Ninafanya kazi Muscat katika kampuni inayotumia RHEL kwa seva kubwa. Wenzangu husema CentOS Stream ni takataka ya majaribio. Je, ni kweli haifai kabisa? (Msomaji, Oman)

JIBU: Si kweli. CentOS Stream ndiyo mahali ambapo mabadiliko yatakayoingia katika toleo dogo linalofuata la RHEL hutua kwanza, yakiwa yamekwisha kupimwa. Meta, wenye Facebook, wanaiendesha kwenye seva zao kwa wingi mno, na hao hawachezi na takataka. Upungufu wake ni mawili: haisimami mahali pamoja, na umri wake ni mfupi, kwani Stream 8 iliisha Mei 2024 wakati RHEL 8 yenyewe inaendelea hadi 2029. Kwa ninyi mlio na RHEL tayari, seva moja ya Stream itawaonyesha kitakachowafika miezi michache ijayo, na hilo ni jambo la manufaa. Kwa ofisi yenye fundi mmoja anayehudumu pia kwenye printa, haifai.

SWALI: Mpendwa Mshauri, mimi ni msimamizi wa mifumo Nakuru, nasi tunatumia AlmaLinux 9. Mkaguzi kutoka nje alikuja na programu ya kukagua usalama, ikatoa ripoti iliyojaa rangi nyekundu: OpenSSH 8.7 (programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) imepitwa na wakati, keneli, yaani kiini cha mfumo, ni 5.14 iliyo ya kale, na kadhalika. Meneja ananitaka nipakue OpenSSH mpya kutoka kwa waandishi wake na kuisimika mwenyewe. Nifanye hivyo? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Usifanye, tafadhali. Nakuomba pia umwonyeshe meneja wako majibu haya, kwa sababu shida hii huwapata mafundi wengi wenye nidhamu, wanaoonekana wazembe mbele ya ripoti ambayo haikusomwa vizuri.

Mifumo imara hufanya kazi kwa desturi moja ambayo kwa nje inafanana na uvivu. Toleo likishatoka, namba za programu zilizomo hugandishwa. Tundu likigunduliwa, watunzaji hawachukui toleo jipya la programu hiyo pamoja na mageuzi yake yote. Wanakata kile kipande kidogo kinachoziba tundu, wanakishona kwenye toleo la zamani, na kukitoa kama kiraka. Namba ya mbele kwa kawaida hubaki 8.7. Kinachosonga ni ile namba inayofuata baada ya kistari, na programu nyingi za ukaguzi husoma ya mbele tu. Ni sawa na kukadiria hali ya gari kwa mwaka wake wa kutengenezwa bila kufungua boneti.

Chukua mfano wa tarehe 1 Julai 2024, siku ambayo kampuni ya Qualys ilitangaza tundu la OpenSSH lililopewa namba CVE-2024-6387 (CVE ni orodha ya pamoja ya matundu yanayojulikana), likaitwa regreSSHion. Lilikuwa tundu la zamani lililokwisha kuzibwa mwaka 2006, likarudishwa bila kukusudiwa na mabadiliko yaliyoingia katika toleo la 8.5. Maana yake ni kwamba seva zenye OpenSSH 8.0, yaani jamaa ya RHEL 8 iliyodharauliwa kwa ukale, hazikuguswa, wakati aliyekuwa amejipakulia toleo jipya kabisa kabla ya siku hiyo alikuwa wazi hadi alipolipata 9.8. Ninyi wa 9, wenye 8.7, mlikuwa ndani ya eneo la hatari, na AlmaLinux iliwatolea kiraka bila kumsubiri Red Hat. Huu ndio mfano niliouahidi hapo juu.

Ili kumjibu mkaguzi kwa ushahidi badala ya maneno, fungua seva na uandike:

rpm -q --changelog openssh-server | grep CVE

Utaona orodha ya matundu yaliyozibwa, kila moja na namba yake. Ichapishe, uiambatanishe na ripoti yake, uweke alama kwenye kila namba iliyomo kotekote. Zikibaki namba ambazo hazimo kwenye orodha yako, basi hizo ndizo za kuzungumzia, na mara nyingi dawa yake ni dnf update (dnf ndiyo iliyochukua nafasi ya yum) ambayo mtu alisahau kuifanya. Wenye Debian watapata habari hizo hizo ndani ya faili la changelog.Debian.gz lililo chini ya /usr/share/doc katika folda ya kila kifurushi, na hulisoma kwa zgrep.

Kuhusu kupakua na kujiundia mwenyewe, ukifanya hivyo utakuwa umejiteua kuwa mtunzaji wa OpenSSH wa kampuni yenu. Tundu linalofuata likitangazwa saa tisa usiku, dnf haitakuwa na habari ya programu uliyoiweka kwa mkono, na wewe utakuwa umelala.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mhasibu mkuu wa biashara ya familia hapa Mombasa. Kijana wetu wa kompyuta anataka kuhamishia mahesabu yetu kwenye Debian. Mzee wangu anauliza mambo mawili: kitu kinachoandikwa na watu wa kujitolea, kikiharibika usiku nitampigia nani? Na kama yeyote aweza kuingiza msimbo wake, kitamzuia nini mwizi asiingize wake? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam. Nipe nafasi nianze na swali la pili la mzee, kwani ni zuri kuliko anavyodhani, na limeshajibiwa na tukio la kweli.

Mwizi aliingia. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja kwa muda wake wa ziada. Mtu aliyejiita Jia Tan alitumia zaidi ya miaka miwili akimsaidia kwa unyenyekevu, akituma marekebisho mazuri, hadi akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Mapema mwaka 2024 alitoa 5.6.0 na kisha 5.6.1, ndani yake mkiwa na mlango wa nyuma uliofichwa kwa ustadi mkubwa, ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva kupitia SSH. Aliyeugundua ni Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa kanzidata ya PostgreSQL, ambaye hakuwa akitafuta mwizi. Alikuwa akipima mambo mengine kwenye mashine yake ya Debian, akaona kuingia kwa SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde tu. Akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokiona.

Sehemu inayomhusu mzee ni hii: Debian imara, ile ambayo kijana wenu atasimika, haikuguswa. Kifurushi kipya cha Debian huingia kwanza kwenye ngazi iitwayo unstable, kisha kikikaa siku kadhaa bila malalamiko mazito huteremka kwenye testing, na baada ya takriban miaka miwili testing hugandishwa kwa miezi kadhaa, makosa hurekebishwa, ndipo hutoka toleo jipya la stable. Xz yenye sumu ilikuwa imefika unstable na testing. Debian 12 ilikuwa bado na 5.4.1. RHEL na mapacha wake nao hawakuwa nayo. Sisemi kwamba ungojaji huo ni kinga ya kila kitu, kwani msiba ule ulizuiwa na macho makali ya mtu mmoja pamoja na bahati. Lakini macho yale yaliweza kuona kwa sababu msimbo ulikuwa wazi kusomwa, na mwizi hakuwa bado amefika kwenye seva za watu kwa sababu foleni ni ndefu.

Nani wa kumpigia usiku? Debian haina namba ya simu, na ni haki mzee alijue hilo mapema. Anachoweza kununua ni mkataba na fundi au kampuni iliyo hapo hapo mjini, na yapo makampuni duniani yanayoishi kwa kuuza msaada wa mifumo hii. Kwa upande wa Rocky na AlmaLinux vile vile, jamii hutoa mfumo na makampuni huuza msaada. Mwambie mzee kwamba bei ya usajili anayoikwepa asiihesabu yote kuwa faida. Sehemu yake aitenge kwa kijana wa kompyuta na kijana wa pili atakayejifunza kutoka kwake, kwa sababu ninachokiogopa katika biashara yenu si Debian kuharibika usiku. Ninaogopa kijana kupata kazi Nairobi na kuondoka na nywila zote kichwani. Ziandikwe, zitiwe kwenye bahasha, na bahasha ikae kwenye sefu pamoja na hati za nyumba.

Na nakala rudufu ya mahesabu iwepo nje ya jengo. Hilo lingehitajika hata mngelinunua mfumo wa ghali kuliko yote.

SWALI: Mshauri, seva yetu tuliinunua mwaka 2012 na bado inafanya kazi vizuri. Nimejaribu kusimika Rocky 10 ikagoma mwanzoni kabisa. Diski niliyotengeneza ni nzima, nimeijaribu kwenye mashine nyingine. Tatizo ni nini? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Tatizo ni prosesa. RHEL 10, iliyotoka Mei 2025, na Rocky 10 inayoifuata, zimeundwa kwa ngazi ya amri iitwayo x86-64-v3, ambayo kwa Intel ilianza na prosesa za Haswell za mwaka 2013. Yako imekosa kwa mwaka mmoja. Hakikisha kwa kuandika grep avx2 /proc/cpuinfo. Isiporudisha chochote, ndivyo ilivyo.

Una njia tatu. Toleo la 9 la Rocky au AlmaLinux linahitaji ngazi ya v2 tu, ambayo seva yako inayo, na litatunzwa hadi 2032, muda ambao nina shaka kama diski zako zitaufikia. AlmaLinux 10 ina toleo la pili lililoundwa makusudi kwa ajili ya mashine za v2, ingawa programu za watu wengine zilizoundwa kwa v3 hazitafanya kazi humo. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, inakubali hata prosesa za kwanza kabisa za biti 64.

Kabla hujafuta kilichopo, jambo moja zaidi. Katika matoleo ya 8 na 9 Red Hat iliondoa uwezo wa kutambua kadi nyingi za zamani za RAID, zile zinazounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, kwa hiyo unaweza kufika kwenye hatua ya kuchagua diski ukaambiwa hakuna diski hata moja, na ukadhani zimekufa. AlmaLinux ilirudisha baadhi ya kadi hizo kuanzia toleo la 9.4. Andika lspci | grep -i raid, unakili jina la kadi yako kwenye karatasi, na ulitafute katika orodha yao ya vifaa vilivyorudishwa kabla ya kugusa kitu.